BTU, shevo, COP, inveta: maneno haya ya klimatizeri yana maana gani kwa mwenye nyumba?

Mama wa Bel-Air

Ndugu zangu wa Lubumbashi, ninawasalimu. Tumemaliza kujenga nyumba yetu hapa Bel-Air, ya matofali ya kuchoma na mabati, na kabla joto la Oktoba halijatufikia tunataka kufunga klimatizeri, ambayo wenzetu wa pwani huiita kiyoyozi, katika chumba cha kulala chenye mita 4 kwa mita 4. Nimepita katika maduka mawili ya mjini, nikarudi na karatasi mbili ambazo nimezisoma tena na tena bila kuzielewa. Ya kwanza inasema: BTU 12,000, shevo moja na nusu, wati 1,100, COP 3.2, gazi R-410A. Ya pili inasema: BTU 9,000, shevo moja, inveta, riversibo, wati 750, EER 12, gazi R-32.

Muuzaji wa pili ameniambia kwamba mashine yake ni bora karibu mara nne, kwa kuwa 12 ni kubwa kuliko 3.2, na ndiyo sababu bei yake iko juu. Mume wangu naye anahofia kwamba mashine ya 12,000 itakula umeme kupita boila yetu ya maji ya kuoga, ambayo ni ya wati 1,500 tu. Fedha hizi tumeziweka akiba kwa miaka miwili, na sitaki kuzitoa kwa ajili ya maneno nisiyoyajua. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze kila neno lina maana gani, na ni lipi kati yake litakalogusa mfuko wetu.

Fundi wa Kamalondo

Mama, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Kazi yangu ya kila siku ni kufunga na kutengeneza mashine hizi, na ninaona kwamba mkanganyiko mwingi unatokana na jambo moja: watu hudhani klimatizeri inatengeneza baridi. Haitengenezi baridi, inachukua joto lililomo chumbani na kulitupa nje. Ukipata nafasi, simama nyuma ya nyumba ya jirani mwenye mashine hiyo, uweke kiganja mbele ya feni ya kile kisanduku cha nje, nawe utasikia upepo wa moto. Huo ndio moto uliokuwa chumbani kwake, pamoja na ule unaotokana na umeme uliotumika kuutoa. Kwa hiyo kila mashine ina hesabu mbili, yaani joto inalolihamisha na umeme inaoutumia katika kulihamisha, na ukishika hilo, karatasi zako zitaanza kusomeka.

BTU ni kipimo cha joto kilichoanzia Uingereza. BTU moja ni joto linalotosha kupandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Fahrenheit, kiasi kinachokaribia joto la njiti moja ya kiberiti ikiungua yote. Karatasi ikiandika BTU 12,000, maana yake ni kwamba katika saa moja mashine inaweza kuondoa chumbani joto la kiasi hicho, ambalo ni sawa na wati 3,500 za joto. Hizo si wati za umeme. Umeme wake ni zile wati 1,100, kwa hiyo Papa asihofu, maana kwa wakati mmoja mashine hiyo inavuta umeme mdogo kuliko boila yenu. Tofauti ni kwamba boila hujizima maji yakishapata moto, ilhali klimatizeri inaweza kufanya kazi usiku kucha, na mita ya umeme huhesabu wati zikizidishwa kwa saa, si wati peke yake.

Shevo ni neno la Kifaransa lililobaki midomoni mwa wauzaji, nalo ni farasi. Hapa kwetu shevo moja ni BTU 9,000, moja na nusu ni 12,000, mbili ni 18,000. Lichukue kama namba ya kiatu: linakutajia ukubwa, wala halikuambii lolote kuhusu umeme.

Sasa tufike pale ulipotaka kupotoshwa. COP ni joto linalohamishwa, kwa wati, likigawanywa kwa wati za umeme. Katika karatasi ya kwanza, 3,500 gawanya kwa 1,100 unapata 3.2, yaani kwa kila wati moja ya umeme unayoilipia, mashine inatoa nje wati 3.2 za joto. EER ni hesabu hiyohiyo, ila joto limeachwa katika BTU: 9,000 gawanya kwa 750 unapata 12. Ni sawa na wauza vitenge wawili, mmoja anapima kwa yadi na mwingine kwa mita. Huwezi kulinganisha namba zao kabla hujazileta kwenye kipimo kimoja. Ili kuleta EER kwenye COP, igawanye kwa 3.41, na hapo 12 inakuwa 3.5. Ushindani wa kweli ni kati ya 3.2 na 3.5. Mashine ya pili ni bora, lakini kwa takriban sehemu moja ya kumi, si mara nne. Nakuomba sana uirudie hesabu hii mwenyewe mbele ya muuzaji.

Faida yake kubwa zaidi iko katika neno inveta. Kompresa, yaani pampu inayoibana gazi na kuizungusha ndani ya mashine, ikiwa ya kawaida ina mwendo mmoja tu: inawaka kwa nguvu zote, chumba kikipoa inazima, joto likirudi inawaka tena, na kila inapowaka huvuta mkondo wa umeme ulio mara kadhaa ya ule wa kawaida, ndiyo maana taa za nyumba hufifia kwa sekunde moja. Kompresa ya inveta hubadili mwendo wake; chumba kikikaribia kiwango ulichokiomba, hupunguza kasi na kuendelea polepole, na huanza taratibu bila kuushtua umeme wa nyumba. Kwa mtu anayelala mashine ikifanya kazi kwa saa nyingi, hapo ndipo akiba inapopatikana.

Kuhusu ukubwa, kanuni ya mafundi ni takriban BTU 600 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba chako kina mita za mraba 16, kwa hiyo unahitaji kama 9,600. Shevo moja inakaribia sana. Wapo watakaokuambia uchukue kubwa ili uwe na uhakika. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mashine ya mwendo mmoja iliyozidi chumba hukipoza haraka na kuzima kabla haijakausha unyevu wa hewa, na wakati wa mvua utalala katika chumba chenye baridi na unyevunyevu kwa pamoja.

Mwana Katuba

Yaya Fundi ameeleza vizuri. Mimi ninaongeza neno la gazi, kwa kuwa limenigharimu. Kwa miaka mitatu mfululizo, kila Septemba, fundi mmoja alikuwa akija kwangu na kuniambia kwamba gazi imeisha, anaongeza, ninalipa. Mwaka wa nne nilimwita mtu mwingine. Huyo hakugusa chupa ya gazi kwanza. Alichukua povu la sabuni, akalipaka kwenye nati inayounganisha bomba la shaba na kisanduku cha nje, tukasubiri. Baada ya muda mfupi vipovu vidogo vikaanza kuota upande wa chini wa nati, mahali palipokuwa na alama ya mafuta ambayo mimi nilidhani ni vumbi la kawaida. Alikata ncha ya bomba, akaitengeneza upya, akakaza, na tangu siku hiyo sijaongeza gazi.

Gazi ya klimatizeri haichomwi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: ndani ya chumba inageuka mvuke na kubeba joto, nje inabanwa na kompresa na kugeuka kimiminika tena huku ikiliachia joto hilo. Ikipungua, kuna mahali inapovuja. Mama, mtu akikuambia kwamba gazi huongezwa kila mwaka kama desturi, mwombe akuonyeshe tundu.

Fundi wa Kamalondo

Ni kweli kabisa, ndugu yangu, na inaniuma kwamba wapo wanaofanya kazi hii kwa namna hiyo. Nitaje na zile namba. R-22 ni ya mashine za zamani. Inaharibu tabaka la ozoni, na mataifa yalikubaliana katika Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kuanza kuziondoa gazi zinazoliharibu tabaka hilo, kwa hiyo usinunue mashine ya mtumba yenye gazi hiyo hata kwa bei ya kutupa. R-410A haidhuru ozoni, lakini ikitoka hewani inaongeza joto la dunia zaidi ya mara 2,000 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. R-32 iko kwenye mara 675 hivi. Gazi za aina hizi ndizo zilizowekewa mpango wa kupunguzwa katika makubaliano yaliyofanyika hapa jirani, Kigali, mwaka 2016. R-32 inaweza kushika moto kidogo ikivuja mahali palipofungwa, kwa hiyo ifungwe na anayeijua, na asivute sigara akiwa kazini.

Mzee wa Kampemba

Ndugu Fundi, hesabu zako ni nzuri, lakini umepima sakafu na kusahau kutazama juu. Mama amesema nyumba ni ya mabati, na hakusema kama ina plafo, yaani dari. Lubumbashi iko karibu na nyuzi 11 na nusu kusini mwa ikweta, na mwishoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana linapita wima juu ya vichwa vyetu. Bati linakuwa jiko. BTU 600 kwa mita moja ya mraba hazitoshi chini ya bati tupu, na mashine ya shevo moja itahema mchana kutwa bila kushinda.

Katika karatasi za vifaa vya kuzuia joto utaona herufi R, ambayo haihusiani na R za gazi. Hii ni nguvu ya kitu kuzuia joto lisipite. Bati peke yake ni karibu na sifuri. Sufi ya kioo yenye unene wa sentimita 10, ikitandazwa juu ya plafo, inafika R 2.5. Acheni pia matundu ya hewa chini ya kenchi ili joto lililo kati ya bati na plafo litoke. Mimi nilianza na plafo, na mwaka uliofuata feni ya wati 60 ilinitosha usiku, ingawa feni haipozi hewa hata kidogo. Inapoza ngozi ya mtu tu, ndiyo maana kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kupoteza umeme.

Mama wa Bel-Air

Ninawashukuru wote. Mzee, umenigusa: plafo haijawekwa bado, nasi tulikuwa tumeiahirisha hadi mwakani. Nimezungumza na mume wangu, itatangulia. Yamebaki mambo mawili. Neno riversibo lina faida gani kwetu, ambao Juni na Julai tunatetemeka usiku na kuwasha mbabula, jiko letu la makaa? Na je, umeme wetu, ambao jioni hupungua nguvu na wakati mwingine hukatika mara tatu, hautaiua mashine?

Fundi wa Kamalondo

Mzee nimemkubali, plafo itangulie.

Riversibo ni mashine inayoweza kugeuza safari ya gazi: badala ya kutoa joto chumbani, inalichukua nje na kulileta ndani. Usishangae, hata hewa ya nyuzi 8 ina joto la kuchukuliwa. Kifaa cha umeme cha kupasha chumba joto, kiwe cha feni au cha mafuta, kinakupa wati 2,000 za joto kwa wati 2,000 za umeme, wala hakuna chapa inayoweza kuzidi hapo. Mashine ya riversibo inakupa joto hilohilo kwa wati 600 au 700 hivi.

Kuhusu mbabula, Mama, ninakusihi: isiingie katika chumba cha kulala. Makaa yaliyokwisha kuwa mekundu, yasiyotoa moshi tena, ndiyo yanayodanganya, kwa sababu yanaendelea kutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo inashika damu mahali pa oksijeni. Mtu anasikia kichwa kizito, analala, haamki.

Umeme ukishuka sana, kompresa inashindwa kuanza, inavuta mkondo mkubwa, na nyaya zake za ndani zinaungua. Ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa ya kawaida inaanza huku gazi ikiwa bado imebanwa upande mmoja. Inahitaji dakika tatu hivi ili mbano ulingane. Kifaa cha kinga kinakata volti zikishuka au zikizidi, na kusubiri dakika hizo kabla ya kurudisha. Stabilizateri ni kitu kingine: inazipandisha volti zilizoshuka, na bei yake ni kubwa. Pima volti chumbani saa moja jioni kwa siku tatu, kisha usome kwenye plaketi, kile kibandiko cha maelezo ya mashine, inakubali kuanzia volti ngapi.

Mama wa Bel-Air

Nimepima: 184, 179, 188. Nimerudi kwa muuzaji wa pili, na plaketi inasema volti 165 hadi 265. Nimefanya ile hesabu ya kugawanya kwa 3.41 mbele yake, akanyamaza kidogo, kisha akapunguza bei.

Fundi wa Kamalondo

Basi stabilizateri huihitaji. Nunua kifaa cha kinga, kiwekwe kikate chini ya volti 170, na mwambie atakayefunga mashine avute hewa yote kwenye mabomba kwa pampu kabla ya kufungua gazi. Akikuambia kwamba inatosha kuyapuliza kwa gazi kidogo, mtafute mwingine.