Uzamili wa unasihi mtandaoni: karo kamili, mazoezi kiduchu

Wadau wa Mombasa, uzi huu ni wa kulalamika. Msinipe pole.

Stadi za unasihi huiva kwa mazoezi ya watatu watatu: mnasihi, mteja, mwangalizi. Kila zamu inataka dakika 15 za mazungumzo na 5 za maoni, yaani saa nzima ndipo wote wazunguke. Sasa mhadhiri anasoma slaidi saa mbili na nusu, halafu anatutupa kwenye vyumba vidogo vya Zoom kwa nusu saa. Wanafunzi 36, vyumba 12, mhadhiri mmoja. Pigeni hesabu wenyewe: dakika mbili na nusu kwa chumba. Anachungulia, "mnaendeleaje?", katoka. Mwangalizi hana hata fomu ya kuhesabu maswali funge (ya "ndiyo" au "hapana") na maswali wazi (ya kumfanya mteja ajieleze), kwa hiyo maoni yake ni "umejitahidi".

Kisha tunaambiwa tuandike kikao neno kwa neno. Kutoka rekodi ipi? Rekodi yetu ya wingu (ile Zoom inayohifadhi mtandaoni) hunasa ukumbi mkuu peke yake. Vyumbani, mwenye mkutano lazima amruhusu mshiriki kurekodi kwenye kompyuta yake, na wetu haruhusu. Basi watu wanatunga mazungumzo na wanapewa alama nono!

Sauti nayo. Joto hili feni haizimwi, kwa hiyo kichuja kelele kinawekwa juu kabisa, nacho kinafyeka pumzi, kwikwi na ile "mmh" ya kumtia mteja moyo aendelee. Ukija ukimya, hujui mteja anawaza au picha imeganda, unaropoka swali na kikao kimeharibika. Kuafikiana ishara ya mkono mapema kungetosha, ila nani afundishe? (Na laptopu iinueni kwa vitabu hadi kamera iwe usawa wa macho. Mteja hakuja kutazama mapua.)

Linaloniudhi kuliko yote: muhula ujao tunakabidhiwa wateja halisi, na hakuna aliyefunza la kufanya mtandao ukikatika mteja akiwa analia. Kabla ya kikao sharti ujue namba yake ya simu, yuko wapi saa hiyo, nani yuko karibu naye, na ni nani kati yenu atakayepiga laini ikikatika.

Slaidi zitumwe siku moja kabla. Saa mbili ziwe za mazoezi, na kila vyumba vitatu vipate msimamizi wake. Walio vyuo vingine, kwenu vyumba vidogo mnapewa dakika ngapi?