Mto Ngong unazungushiwa mabati mchana kweupe na kila ofisi inasema si kazi yake

Wasee, mnivumilie uzi ni mrefu, nimemeza hii maneno tangu Februari na leo imenishinda.

Mimi naishi South B, huku chini kabisa tunapopakana na mto Ngong. Ni ule mto unaopita Nairobi Dam, ile dam imemezwa na magugu, halafu unakuja kwetu ukishuka Mukuru. Kati ya nyumba za mwisho na maji kulikuwa na nyasi na mikuyu mitatu, watoto wanacheza mpira hapo jioni. Jumapili moja watu wako kanisani lori likaja likamwaga mawe na mabati, kufika Jumatano pamezungushwa pote na mikuyu miwili iko chini. Nimepima na miguu yangu, kutoka mabati hadi maji ni hatua nne. Nne!

Kanuni za ubora wa maji za 2006 zinasema usijenge wala kulima kando ya mto ndani ya upana wa mto wenyewe, isipungue mita 6 isizidi 30 kila upande, na kipimo kinaanzia pale maji ya mafuriko yaliwahi kufika juu zaidi. Hapo kwa mafuriko ndio nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu kila ofisi nimeenda wananiambia mpaka wa mto haujapimwa. Haujapimwa aje? 2024 maji yalituingilia usiku, tulitoa watoto kupitia dirishani, na mpaka leo ukuta wa jirani yangu una mstari wa matope rangi ya chai ya maziwa, unanifika hapa kifuani. Ameupaka rangi mara mbili, ukikauka mstari unarudi. Kutoka huo ukuta hadi kwa mabati ni hatua zaidi ya thelathini ukiteremka. Yaani ploti nzima ya huyo aliyezungusha mabati ilikuwa chini ya maji, na mto ulijipimia wenyewe sisi wote tukiona, kilichobaki ni mtu mmoja wa serikali ashuke kwa gari aangalie ukuta.

Ofisi ya kwanza wakasema hiyo ni ya watu wa maji. Kwa watu wa maji nikaambiwa wao wanashughulika na maji, ardhi iko na wengine. Kufika kwa hao wengine nikapanga laini tangu saa mbili hadi saa saba, dada wa dirishani ananiuliza namba ya ploti. Nikamwambia dada yangu huo ni mto, mto hauna namba ya ploti. Akasema bila namba mfumo haukubali. Nikarudi nyumbani na bahasha yangu ya picha vile ilikuwa.

Baadaye walikuja, sitasema uongo, walikuja vijana wawili na kopo la rangi wakapiga X nyekundu ya kubomolewa kwa mabati na tarehe chini yake, na mimi nilifurahi hadi nikawanunulia soda. Siku tisa baadaye naamka napata mabati yamegeuzwa. X inaangalia ndani! Nikapiga picha nikakimbia nayo ofisini, naambiwa faili iko kwa mkubwa na mkubwa ako nje ya ofisi. Hiyo ni wiki ya tatu sasa.

Kitu kinaniuma zaidi ni hiki. Mei 2024, baada ya yale mafuriko, watu wa kando ya mito walipewa saa 24 wahame na tingatinga zikaingia mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru. Hakuna aliyeuliza namba ya ploti. Hakuna faili iliyopotelea kwa mkubwa. Kuna mama tulikuwa tunanunua mboga kwake, alirudi kutoka soko akapata hata mlango hakuna, godoro liko kwa matope na mvua inanyesha. Sheria ni ile ile, mto ni ule ule! Kumbe ofisi zikitaka zinajua mto unaishia wapi, na zinaweza kujua kwa siku moja.

Na Katiba iko wazi, kifungu cha 62 kinasema mito ni ardhi ya umma. Ripoti ya Ndung'u ilitoka 2004 ikaeleza vile ardhi ya umma inagawiwa kwa karatasi, na Wangari Maathai alipigwa msituni Karura Januari 1999 kwa sababu ya kupanda mti akipinga msitu kunyakuliwa, leo tunaenda kukimbia pale asubuhi na familia. Huku kwetu mkuyu mmoja ndio umebaki.

Jana jioni eskaveta imefika na imelala ndani ya mabati. Mvua ya Aprili haiko mbali, wakimwaga msingi pale maji yatatafuta njia kwetu. Tumekusanya sahihi 14 za majirani, na kifungu cha 70 cha Katiba kinaruhusu mtu yeyote kwenda korti ya mazingira bila kuthibitisha amepata hasara, kwa hivyo tunatafuta wakili ambaye ameshafanya kesi ya mto. Na kama kuna mtu hapa aliwahi kusimamisha mjengo kando ya mto, tafadhali niambie ni barua gani uliandika na nani aliipokea. Picha zote ninazo, za ukuta, za X kabla na baada.