Tupeane uzoefu: kiti cha rezini cha bredauni ya jeshi kilikutesea wapi?

mwisho_wa_reli
Juzi baada ya ile mvua nimepita njia ya vumbi nyuma ya Gungu, hapa Kigoma, nikakuta fuso la mawese limezama tope mpaka ekseli. Bredauni imekuja kulivuta, kebo imekaza inalia kama zeze. Watu wamejaa wanaangalia fuso. Mimi macho yote kwenye ngoma ya winchi, naangalia kebo inavyojipanga, inarundikana upande mmoja, inapandana, dereva anashuka kuipiga teke.

Nikaikumbuka M32 yangu. Ipo juu ya kabati mwaka wa tatu huu. Kwa wasioijua, ni kifaru cha Sherman kilichovuliwa turreti, kile kichwa chenye mzinga, kikapewa kibanda kisichozunguka, mkono wa kreni mbele, na winchi ya tani 27 hivi ndani, nyuma ya dereva. Nilikata milango ya juu kwa wembe ili hiyo winchi ionekane. Wiki mbili nzima. Nafungua mfuko, ngoma ya winchi ina matundu ya hewa kama chapati. Nikaziba kwa puti, nikapiga msasa, na mifereji ya kebo yote ikaondoka na msasa. Ngoma ikawa laini kama chupa. Nikafunga boksi, na sijaligusa tena.

Haya, nyie vilikukwamisheni wapi?

Mtazamaji
Kiti cha rezini ndiyo vile vya harusini?

mwisho_wa_reli
Hapana mkuu. Ni boksi la vipande vya kuunganisha gari dogo la sanamu, uwiano wa 1 kwa 35. Rezini ni plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji, kisha inaganda. Tumezoea kuita kiti.

Mtazamaji
Sawa. Nilishaanza kuwaza jeshi linakalia nini.

Fundi wa Katonga
Umenitonesha kidonda. Mimi nilikuwa na Bergepanther, Panther ya Wajerumani iliyogeuzwa ya kuvutia vifaru wenzake. Nyuma ina jembe, bamba kubwa linalojichimbia ardhini ili gari lisiburutwe na mzigo wake lenyewe. Winchi yake ilivuta tani 40, kwa hiyo jembe si pambo. Sasa lililokuja kwenye boksi limepinda kama muhogo wa kiangazi. Nikasema nitalimimina mwenyewe.

Huku kwetu mafundi wa boti za faiba wana rezini kwenye madumu. Nikaomba robo kikombe. Fundi akanipa na dawa ya kugandishia, akasema "matone machache tu." Sasa matone machache ya mtu anayetengeneza boti ya mita nane ni mangapi? Nikatia kizibo kizima cha soda. Baadaye sana ndiyo nikaja kujua kipimo ni kama mililita moja au mbili kwa kila mililita mia.

Kalibu nilikuwa nayo tayari, ya silikoni ya madirisha. Nakoroga, kikombe kinapata joto mkononi. Nikadhani jua. Nikakiweka kwenye meza ya cherehani ya mama niitafute kalibu, kugeuka naona kikombe kimeinama kama mtu anayesinzia kanisani. Kisha moshi. Kisha ikapasuka, ka! Rezini ngumu imegawanyika vipande vitatu, kikombe cha plastiki kimeyeyuka kimeshika meza, na pembeni kuna kitenge cha mteja cha kitchen party kilichobakiza mkono mmoja kushonwa. Harufu ilikaa nyumbani siku nne. Ile duara nyeusi ipo kwenye meza mpaka leo, na kila mgeni akija mama anaionyesha kabla hata ya kuleta maji.

Kibirizi1
Yalinikuta hayo hayo. Kwangu godoro.

Bwana Msasa
Ndugu zangu, rezini ya boti ni poliesta. Vipande vya kwenye boksi ni poliyurethani. Ni vitu viwili. Msichanganye mambo halafu mkalaumu kiti.

Fundi wa Katonga
Sijachanganya kitu. Baada ya pale nimemimina majembe matano kwa hiyo hiyo poliesta, kwa kipimo, yote yamesimama. Wewe umemimina mangapi?

Bwana Msasa
Mimi hununua.

Fundi wa Katonga
Basi.

Kibirizi1
Na hiyo poliyurethani msiisifie. Haipendi unyevu kabisa. Nilipata chupa mbili kwa mtu aliyetoka Nairobi, nikazifungua mwezi wa tatu, hapa ziwani, mvua kila siku. Niliacha kifuniko wazi usiku mmoja tu. Kesho yake namimina, ikaumuka kama andazi, ikatoka nje ya kalibu. Nilipokata katikati ni matundu matupu. Kwa hiyo mimi nasema mimina kiangazi, mchana.

mwisho_wa_reli
Mchana joto linaigandisha kabla hujamaliza kukoroga. Mimina alfajiri.

Bwana Msasa
Msimimine.

Mama Wawili
Nimeingia kwa simu ya mume wangu na naona nimefika kwa wenyewe. Naomba mniambie. Huyu bwana vipande vikipinda anavichovya maji ya moto, anavinyoosha kwa kidole, anavitia maji baridi vigande hivyo hivyo. Kazi nzuri, nimeona kwa macho, bomba limenyooka. Ila kwa nini kwenye sufuria yangu ya wali? Na ule unga mweupe anaopiga msasa akiwa amekaa kitandani, mtoto anakohoa, akiulizwa anasema ni poda.

Bwana Msasa
Shemeji, la unga si la utani. Rezini ipigwe msasa ikiwa imelowa, juu ya beseni, barakoa usoni, na mbali na mtoto. Vumbi lake si la kuvuta. Na sufuria ikishapikiwa rezini isirudi kwenye wali, mwachie.

Mama Wawili
Nimwachie?? Anunue yake.

Kibirizi1
Mume wa huyu mama ni nani, ajitaje tumpe pole.

Nta na Asali
Hodi kutoka Tabora. Nyie mmeungua meza, mimi nimekalishwa chini.

Nilikuwa najenga Diamond T 969, bredauni ya Marekani ya vita vya pili yenye mikono miwili ya kreni mgongoni. Nikafika kwenye rangi. Picha za mtandaoni zote ni za magari ya maonyesho, yamesuguliwa yanang'aa. Nikataka kuona winchi iliyofanya kazi imechafukaje: grisi inakaa wapi, kutu inaanzia wapi. Sasa siku hiyo napita na bodaboda karibu na kambi moja, siitaji, naona gari la winchi la jeshi limesimama karibu na uzio. Nikamwambia boda asimame. Nikatoa simu.

Picha mbili tu. Ya tatu sikupiga, kwa sababu kuna mkono ulikuwa begani. Boda alishaondoka, nauli hata hakudai.

Chini ya mwembe, saa nne asubuhi. Simu wamechukua. Unapiga picha za nini? Za winchi, afande. Za winchi za nini? Za kutengenezea sanamu. Wakatazamana. Sanamu gani? Kwa bahati, au kwa mkosi, nilikuwa nayo kwenye begi, nilikuwa nampelekea rafiki. Ikatolewa ikawekwa kwenye benchi. Kimya. Mmoja akainama mpaka pua inagusa boneti. Akanyoosha kidole. Nikamwambia afande naomba usishike hapo.

Akashika hapo.

Mkono mmoja ukatoka. Tukauangalia wote umelala kwenye mchanga. Basi akaitwa mzee mmoja wa karakana, mvi kichwa kizima, ovaroli nyeusi kwa mafuta. Nikajua huyu ndiye wa kunimaliza. Akaigeuza ile gari taratibu akiishika kwa chini, kama mtu anayejua kushika kitu, akauliza: "Hii kebo nani kaifunga?" Mimi. "Umeivuta kama uzi wa nguo. Kebo isiyo na mzigo inalegea. Na huyu umemsimamisha hapa kwa nini?" Nilikuwa nimeweka sanamu ya mtu, sentimita tano, kasimama kwenye mstari wa kebo, kiuno kakishika. "Ikikatika inarudi kama mjeledi. Huyu imeshamchinja. Muondoe."

Nikamuondoa pale pale. Picha zikafutwa, nikaonywa, saa tisa nikaachiwa na njaa yangu.

Kibirizi1
😂😂😂 "Muondoe"

Mtazamaji
Mkono ulirudi?

mwisho_wa_reli
Kaka unapiga picha kambini kwa ajili ya kutu? Kutu iko kwenye kila bati Tabora nzima.

Fundi wa Katonga
Uzi ulikuwa wa rezini, sasa umekuwa wa Tabora. Ila hilo la kebo kulegea nalichukua. Wote tunaivuta.

Mtazamaji
Mkono ulirudi au haukurudi?

Bwana Msasa
Kebo tumia nyaya za kopa za feni bovu, zisokote tatu tatu, zinalegea zenyewe kwa uzito. Uzi hauwezi.

Nta na Asali
Uzi unaweza. Uzi wa kushonea nyavu, unaupitisha kwenye nta ya nyuki, manyoya yote yanalala, unapaka rangi ya chuma. Lakini nta mnaitoa wapi nyie, si mna dagaa tu.

Kibirizi1
Na uzi wa nyavu unautoa wapi wewe, si kwetu? Usituletee. Na kama ni viti, Kigoma tulianza kabla yenu wote. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha 5,000, ikaja na meli mpaka Dar, ikapanda reli, ikaunganishwa hapa hapa na kushushwa majini Februari 1915. Hicho ndicho kiti.

Fundi wa Katonga
Na mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe Wajerumani, mashine zimepakwa grisi tele wakitumaini watarudi kuichukua. Wakaja kuiibua Waingereza 1924. Hiyo nayo ni kazi ya winchi, tuiweke kwenye uzi huu.

Nta na Asali
Reli yenyewe ilipita Tabora kwanza.

Kibirizi1
Ilipita. Haikusimama kuunganishwa.

mwisho_wa_reli
Mnaniharibia uzi. Mimi nauliza ngoma yenye matundu naifanyaje bila kufuta mifereji?

Bwana Msasa
Achana na puti. Super glue na poda ya mtoto, tia kwenye tundu kwa ncha ya sindano, tundu moja moja. Ikikauka kata kwa wembe, usiguse msasa.

Fundi wa Katonga
Au iache na matundu. Zungushia kebo, nani ataona?

mwisho_wa_reli
...

mwisho_wa_reli
Miaka mitatu, Fundi. Miaka mitatu.

Mtazamaji
Jamani mkono.

Nta na Asali
Niliubandika kwa super glue pale pale getini, yule mzee kanishikia. Umekaa upande kidogo. Sijaunyoosha.

Mama Wawili
Kaleta sufuria mpya. Ndogo kuliko yangu. Nani ana duka Mwanga linalouza msasa wa maji, anasema alioupata ni wa mbao?