Kilainishi kipi ni salama baada ya kukoma hedhi?

Mama Amina, Arua: Dada zangu, tangu nikome hedhi ninasumbuliwa na ukavu ukeni, na muuzaji mmoja alinishauri mafuta ya mgando, lakini kondomu ikapasuka. Nitumie nini?

Jibu, Jinja: Pole sana, dada. Mafuta ya mgando, hata ya nazi, hudhoofisha mpira wa lateksi kwa dakika chache tu, kwa hiyo nunua katika duka la dawa lenye leseni kilainishi cha maji au cha silikoni kisicho na manukato, ukikagua tarehe ya mwisho wa matumizi.

Jibu, Kampala: Cha silikoni usikipake kwenye kifaa cha silikoni, kwani kinaweza kukiharibu. Tena, ukiona damu, hata tone moja kwenye nguo, usingoje: nenda kituo cha afya.