Faili ya XMIT inafika z/OS salama, lakini RECEIVE inaikataa

Kampemba_JCL:
Jambo bayaya. Niko Lubumbashi, mashine kubwa (mainframe ya IBM yenye mfumo wa z/OS) iko mbali, tunaifikia kwa VPN. Kwenye kompyuta ya Windows niko na paki.xmi, faili ya XMIT (data ya mainframe iliyofungwa ili isafirishwe), baiti 11,989,466. Niliituma kwa ftp, ikafika bila kosa, lakini RECEIVE, amri ya kuifungua, inasema umbo lake si sahihi, na ISPF 3.4, orodha ya faili za kule, inaonyesha VB 256 (rekodi za urefu unaobadilika). Nikaandika `bin`, nikatuma upya kwa jina lile lile. Jibu halikubadilika. Nakosea wapi?

Yaya_Katuba:
Mara ya kwanza ilienda kama maandishi: FTP iligeuza kila baiti kutoka ASCII (msimbo wa herufi wa Windows) kwenda EBCDIC (ule wa mainframe). Ndani ya XMIT tayari mna EBCDIC, kwa hiyo kuigeuza ni kuiharibu. `bin` inazuia hilo. Lakini jina likiwa lipo kule, FTP inafuata umbo la faili iliyopo, hapo VB 256, na amri yoyote ya SITE, ya kupanga umbo, utakayoandika haisikilizwi. Wengi wanapoteza siku nzima hapo. Futa kwanza:

```
delete 'KAZI.PAKI.XMIT'
bin
quote site recfm=fb lrecl=80 blksize=27920
quote site cylinders primary=15 secondary=5
put paki.xmi 'KAZI.PAKI.XMIT'
```

`quote` ni ya lazima, maana ftp ya Windows haina amri ya `site`. Usisahau alama za nukuu kwenye jina, la sivyo linaongezwa jina lako la kuingilia mbele. Kuhusu nafasi: bloku mbili za 27,920 zinaingia kwenye traki moja ya diski ya 3390, yaani baiti 55,840. Faili yako inataka traki 215, na silinda ina traki 15. Usipoomba nafasi inaweza kukatika katikati kwa kosa la B37 au E37 (nafasi imekwisha).

Kampemba_JCL:
Aksanti yaya. Sasa ni FB 80 (kila rekodi baiti 80), lakini RECEIVE bado inakataa.

Heksa_Ruashi:
Tazama ile namba yako ya kwanza. XMIT ni rekodi za baiti 80 tupu, na 11,989,466 ukigawa kwa 80 zinabaki 26. Faili iliharibika kabla ya kufika kwako. Ifungue kwa HxD, programu ya kuonyesha baiti kwa heksa: baiti ya pili iwe E0, halafu C9 D5 D4 D9 F0 F1, ndiyo INMR01 kwa EBCDIC. Ukiisoma INMR01 waziwazi upande wa kulia, basi aliyeishusha kutoka mashine yake aliishusha kama maandishi. Ukikuta 50 4B mwanzoni, hiyo ni zip, ifungue kwanza. Na usijaribu kuirudisha kwa kugeuza herufi: njia ya maandishi inaongeza alama za mwisho wa mstari na inaweza kukata nafasi tupu, huwezi kujua zilikuwa ngapi.

Kampemba_JCL:
INMR01 inasomeka waziwazi kabisa. Nimeomba nakala iliyoshushwa kwa `bin`: 11,697,040, inagawanyika kwa 80 bila baki. RECEIVE imeikubali, sasa inaniuliza vigezo.

Yaya_Katuba:
Jibu `DA('KAZI.JIPYA.PDS')`. Kisha angalia ndani: wakati mwingine memba (faili ndogo zilizomo) zenyewe ni XMIT tena, kila moja inataka RECEIVE yake.

Heksa_Ruashi:
Kama umeme unakatika katikati ya kutuma, tumia sftp kwenda upande wa Unix wa z/OS. `put -a` inaendelea pale ilipoishia. Linganisha ukubwa kwa `ls -l`, tayarisha 'KAZI.PAKI.XMIT' ya FB 80, halafu kwenye TSO (sehemu ya kuandika amri za z/OS):

```
OGET '/u/kazi/paki.xmi' 'KAZI.PAKI.XMIT' BINARY
```

Kampemba_JCL:
Na faili za .trs (aina nyingine ya kufunga), ni 80 pia?

Yaya_Katuba:
Hapana, hizo ni FB 1024, blksize 27648, na RECEIVE haizijui. Zifungue kwa programu ya AMATERSE, `PGM=AMATERSE,PARM=UNPACK`: SYSUT1 ndiyo iliyofungwa, SYSUT2 ndiyo itakayotoka.