Kirikuu ya shambani: Carry, Acty, Hijet au Sambar?

Kutoka: Mdogo wenu, Dallas

Shikamooni wakubwa, na rika langu habari za wiki.

Mimi na mume wangu tumepata eka tisa nje ya Palestine (hii ya hukuhuku Texas, mama alishtuka kwenye simu nikaanza kumweleza upya). Ni misonobari na mchanga mtupu, ila katikati kinapita kijito, na mvua ikinyesha vivuko vyote viwili vinageuka tope. Tunataka gari dogo la kubebea kuni, mabomba na chakula cha mbuzi. Kazini tutaendelea kwenda na magari yetu.

Vigari vipya vya shambani vya hapa bei yake imetukimbiza. Ndipo tukaziona kirikuu za miaka ya 90 kutoka Japani, zile zile za nyumbani, tofauti ni kwamba hizi zinavuta magurudumu yote manne. Kila muuzaji anasifia yake: Carry ya Suzuki, Acty ya Honda, Hijet ya Daihatsu au Sambar ya Subaru. Nichukue ipi? Na hiyo ya kuvuta manne yote inatosha, au kuna kingine cha kuangalia?

Kutoka: Kaka, Ennis

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa shamba.

Jina la usoni liache kwanza. Nimeshamiliki mbili, Carry iliyonifundisha kutu na Acty ninayoendesha sasa, na nikinunua ya tatu nitaanza kuuliza habari za gia kabla ya kampuni.

Zote ni ndugu wa sheria moja ya Kijapani: injini haizidi 660 cc, mzigo kilo 350, na kwa zile za kuanzia 1990 hadi 1998 urefu hauzidi mita 3.30, upana 1.40. Kuanzia Oktoba 1998 waliongeza hadi 3.40 kwa 1.48. Kwako wewe mwenye misonobari, upana huo ni neema, utapita mahali ambapo pikapu ya jirani inarudi nyuma. Uzito ni kama kilo 700, kwa hiyo haididimii haraka, na ikikwama watu wawili wazima wanaisukuma.

Sasa swali lako la kuvuta yote manne. Hiyo peke yake haitoshi. Udongo wangu huku ni mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbuga tunaoujua waliokulia Shinyanga: ukinyeshewa unashika tairi mpaka linakuwa kama andazi. Mwaka juzi nilivuka mtaro kwa mshazari na lile Carry. Gurudumu la mbele kulia likaning'inia, la nyuma kushoto likaning'inia, na yote mawili yakaanza kuzunguka hewani kwa furaha. Yaliyokanyaga chini yalikuwa yametulia tuli. Difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya kulia na kushoto, ya kawaida ndivyo ilivyo, inapeleka nguvu kwa asiye na kazi. Nilikaa pale mpaka jirani alipokuja na trekta, na hakusema neno, alicheka tu.

Kinachokutoa hapo ni loki ya difu ya nyuma, inayofunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, na gia nzito, ile ya mwendo wa taratibu wenye nguvu. Honda walitoa Acty inayoitwa Attack, ina loki, ina gia ya UL ya kwenda mbele taratibu mno na UR ya kurudi nyuma vilevile. Ukiingiza UL unaondoa mguu kwenye mafuta, gari linatambaa lenyewe. Mbuzi wangu wananipita. Acty ya kawaida inavuta manne bila kitufe chochote: magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza, ya mbele yanaletewa nguvu. Ni rahisi kuendesha, ila kwenye tope zito inachelewa kidogo kuelewa kwamba kuna shida.

Carry na Hijet unabonyeza au unavuta mwenyewe, na nyingi zina gia nzito na nyepesi za kuchagua. Baadhi ya Hijet zina loki pia, uliza kwa kila gari moja moja, usikubali jibu la "zote zinayo". Angalizo: hizi ukiziacha zinavuta manne juu ya lami kavu utaua giaboksi, kwa sababu hakuna difu ya katikati ya kuachia mzunguko unapokata kona.

Kingine ni injini ilipokaa. Carry na Hijet iko chini ya viti, unainua kiti unaiona. Acty imelala chini ya bodi la mizigo, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Kwa hiyo hata bila mzigo matairi ya nyuma yana uzito wa kukanyagia. Adhabu yake ni kwamba mfuniko wa injini uko ndani ya bodi. Gari likizima ukiwa umejaza kuni, kuni zote chini kwanza.

Kutu. Hapa nisikilize. Ile Carry niliinunua kwa picha. Rangi inang'aa, viti visafi, muuzaji (simtaji) akaniambia ilikuwa ya mzee wa shamba la mpunga. Ilipofika nikachukua bisibisi nikagusa chesisi nyuma ya kabini ya dereva. Ikazama mpaka kwenye mpini, kama kisu kwenye papai lililoiva. Mzee wa mpunga labda ni kweli alikuwepo, lakini alikuwa upande wa theluji, kule wanakomwaga chumvi barabarani.

Kwa hiyo dai karatasi ya mnada, ile yenye mchoro wa gari na herufi. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa, hizo zote ni urembo. S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati. Ukiona C chini ya gari, aga uondoke. Za Kyushu na Shikoku kwa kawaida zina nafuu kuliko za Hokkaido, Aomori au Niigata.

Mkanda wa taiming, ule unaozungusha valvu za injini: hizi injini za miaka ya 90 zinautumia. Kama hakuna maandishi ya lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Makaratasi nitasema kwa kifupi. Serikali kuu inataka gari liwe limetimiza miaka 25, na inahesabiwa kutoka mwezi lilipotengenezwa, kwa hiyo la Novemba usiliingize Agosti. Kisha kuna jimbo, na kila jimbo lina lake. Texas ilifungua mlango wa kusajili mwaka 2024. Mwaka huohuo Massachusetts walisimamisha mwezi Mei, wakaruhusu tena Septemba. Uliza ofisi ya kaunti yako kabla hujatuma hata dola. Na barabara kuu sikushauri kabisa. Ikifika maili 55 injini inalia kama cherehani, na mbele ya magoti yako hakuna kitu zaidi ya bati.

Kutoka: Dadako, Kamloops, Canada

Hamjambo nyote. Kaka wa Ennis ameongea vizuri lakini Sambar ameipita kama mtu anayepita nyumba ya mkwe.

Sisi huku tunaruhusiwa kuingiza gari likiwa na miaka 15 (wa Quebec pole, nyinyi usukani wa kulia mpaka 25), kwa hiyo tumejaribu nyingi. Sambar ya Subaru ina silinda nne wakati wenzake wana tatu, injini imewekwa nyuma kabisa ya ekseli, na kila gurudumu lina shokapu na springi yake likipanda na kushuka kivyake. Zingine kule nyuma zina springi za vyuma vilivyopangwa kama za lori, na bila mzigo zinakurusha mpaka kichwa kinagonga paa. Kwa barabara ya shamba yenye mizizi ya misonobari hilo si jambo dogo, mgongo wako ndio unalipa. Sambar za kuvuta manne nazo zina gia nzito, imeandikwa EL. Wakulima wa Japani waliipenda mpaka ikatoka yenye chapa ya chama chao cha ushirika, JA. Bahati mbaya Subaru waliacha kuitengeneza wenyewe 2012.

Na hiyo loki ya difu, mwambie binti ukweli wote. Kwenye mteremko wenye barafu, au majani mabichi, ukiifunga magurudumu ya nyuma yote yanateleza pamoja na gari linashuka upande upande kama kaa. Ni ya kutoka shimoni, kisha unaifungua.

Kutoka: Kaka, Ennis

Dada, hapo kwenye kaa umenipata. Nakubali. Na mgongo wangu unakubali kabla yangu.

Nilisahau matairi. Yanayokuja nayo ni madogo, 145R12 ya barabarani, na ndiyo yanayoangusha wengi. Mdogo wangu, kwenye mchanga wako punguza upepo, yatatanuka na kuelea. Kwa vivuko vya tope tafuta yenye meno makubwa, lakini usikimbilie kuinua gari inchi nne kama vijana wa mtandaoni. Ukiinua sana zile shafti za mbele zinakaa kwa pembe mbaya, raba zake zinachanika, mchanga unaingia, na utakuwa unaagiza vipuri kila msimu. Inchi mbili zinatosha.

Kutoka: Mdogo wenu, Dallas

Asanteni sana wakubwa. Jana tumeenda kuona mbili. Hijet ya 1997 nyeupe, dola 6,800, na Acty Attack ya 1996, dola 7,900, yenye bonde mlangoni.

Ya Hijet muuzaji alisema karatasi ya mnada imepotea. Mume wangu akalala chini na bisibisi ya kaka, muuzaji akauliza tunafanya nini. Hatukumjibu. Ilizama sentimita moja hivi karibu na tairi la nyuma.

Acty karatasi ipo, kuna A nyingi na U moja, S moja tu kwenye ukingo wa bodi. Tukaomba kujaribu UL kwenye uwanja wake wa kokoto. Ilipanda rundo la changarawe mume wangu akiwa ameweka mikono juu ya usukani na miguu yote sakafuni. Alishuka anacheka kama mtoto. Lakini mkanda wa taiming hakuna anayejua habari zake, na klachi inashika juu sana.

Nimpunguzie kiasi gani kwa mkanda na klachi? Na kaka, huko kwako kuna fundi anayekubali kuzigusa hizi?

Kutoka: Kaka, Ennis

Mkanda nitakufungia mimi mwenyewe, nimeshafunga wangu. Agiza na pampu ya maji mfunge pamoja. Tukimaliza tutatoa hewa kwenye mfumo wa maji kwa subira, kwa sababu rejeta ya Acty iko mbele na injini iko nyuma, mabomba ni marefu, hewa ikibaki inachemka.

Klachi mpe fundi. Anza na 7,000, na muuzaji asimwone mumeo anavyocheka. Jumamosi nipo, njooni na bodi tupu.