Tupeane uzoefu: kuuza na kushika wateja kwa simu hapa Uganda

Duka la Mbale
Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa wanaouza mtandaoni: vitenge, viatu vya soko la Owino, keki, vipuri, chochote. Leteni kinachofanya kazi, kinachokwama, na sababu yake.

Nianze na Facebook tuimalize. Ilifungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na tangu hapo wanaoitaka wamekuwa wakipitia VPN, yaani programu inayoficha uko nchi gani. Matokeo yake mteja aliye Ntinda, hapo Kampala, anaweza kuonekana yuko Uholanzi, na tangazo ulilolipia liwafikie watu wa Kampala likamruka. Kama wanunuzi wako wako Kenya, Kongo au ughaibuni, Facebook bado inafaa. Kwa mteja wa mtaani nguvu iwe WhatsApp kwanza, TikTok baadaye.

Binti Arua
Kwenye WhatsApp kila kitu kinaanzia kwenye namba kuhifadhiwa. Ile orodha ya matangazo (broadcast) inayobeba watu hadi 256 humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Asiyekuhifadhi hapati kitu, na wewe unabaki ukidhani amekupuuza. Stetasi ni ngumu zaidi, maana lazima muwe mmehifadhiana nyote wawili. Ndiyo maana mtu ana namba mia tisa simuni na stetasi yake inatazamwa na arobaini.

Wakati mzuri wa kuomba ni pale mteja amelipa na anasubiri mzigo ufungwe: "Dada, hifadhi namba hii, andika Vitenge Arua, mzigo mpya ukishuka utauona." Hapohapo na wewe mhifadhi kwa jina, mtaa na anachonunua: "Mama Zai Oli viatu 39". Siku ya kutengeneza orodha ya viatu unaandika "viatu" kwenye kutafuta, wote wanajipanga wenyewe.

Orodha moja, bidhaa moja. Mnunuzi wa viatu ukimletea sufuria mara tatu kwa wiki atakubloku, na wakizidi wanaokubloku na kukuripoti, WhatsApp inaifunga namba nzima. Mara moja kwa wiki inatosha. Siku nyingine msalimie kwa Idi, mpe pole ya msiba. Ila usiweke bei chini ya rambirambi, jamani. Watu wanafanya hivyo!

Mpiga Picha wa Nakawa
Naongeza upande wa picha, kwa sababu kitenge kikifika na rangi tofauti, mteja huyo hutamwona tena.

Taa ya dukani hudanganya rangi. Toa kitambaa mlangoni asubuhi, kivulini, si juani; jua kali linafuta rangi ya njano na kuacha weupe. Zima flashi. Futa lenzi kwa kitambaa laini, simu ya mfanyabiashara huwa na mafuta ya vidole. Piga picha tatu: kitambaa kizima, karibu mpaka nyuzi zionekane, na pindo lenye maandishi ya kiwandani. Kwa mitumba piga kasoro pia, doa au zipu mbovu, na uitaje. Kabla ya kutuma gusa alama ya HD, la sivyo WhatsApp inaipunguza picha na maua yanakuwa ukungu.

Video isizidi sekunde 30. Mteja anahesabu MB zake. Tangu Julai 2021 bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12. Na mwenye bando la WhatsApp pekee, kiungo cha YouTube hakimfungukii, kwa hiyo usimtumie huko.

Duka la Mbale
Na bei iandikwe kwenye picha yenyewe, kwa tarakimu: 45,000, yadi 6. Huu mchezo wa "bei njoo inboksi" unawachosha watu. Tena tarakimu inasomwa na Muganda, Mlugbara na Mkongo bila mkalimani.

Boda Mzigo
Malipo sasa. Ujumbe wa "umepokea pesa" unaghushiwa kirahisi, na picha ya skrini ndiyo mbaya kabisa. Usiachie mzigo mpaka umeangalia salio lako mwenyewe: *165# kwa MTN, *185# kwa Airtel. Mtu akikupigia kwamba amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie awasiliane na kampuni yake ya simu ndiyo ishughulikie.

Mzigo wa basi: mpige picha ukiwa umefungwa, piga picha ya risiti, kisha mtumie mteja risiti, namba ya gari na saa ya kuondoka. Andika majina mawili na namba mbili za mpokeaji juu ya boksi kwa maka nene, kwa sababu namba moja ikizimika mzigo unalala ofisini.

Hajati wa Jinja
Swali: kundi la WhatsApp je? Nasikia linabeba watu 1,024.

Binti Arua
Linabeba, Hajati, ila silipendi kwa biashara. Kila mwanakundi anaona namba za wenzake, na mshindani akiingia asubuhi, jioni wateja wako wote wana ujumbe wake. Isitoshe, sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu, kwa hiyo kumtumbukiza kundini bila kumuuliza si jambo dogo. Fungua chaneli ya WhatsApp, namba za wafuasi hazionekani kwa wengine.

Mpiga Picha wa Nakawa
TikTok kwa ufupi: akaunti ya kawaida mara nyingi haiwezi kuweka kiungo kwenye wasifu mpaka ifikishe wafuasi 1,000. Kabla ya hapo andika namba kwenye maoni, uibandike juu. Ukiweza kuweka kiungo, andika wa.me/256 kisha namba bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Sifuri ikibaki, hakifunguki.

Boda Mzigo
Na wekeni PIN ya hatua mbili kwenye WhatsApp leo. Akija mtu kuomba "msimbo (code) wa tarakimu sita niliotuma kwako kimakosa", huo ndio ufunguo wa akaunti yako. Akiupata, ataanza kuwakopa wateja wako kwa jina lako.